Miti ya uani kwa sisi wa Pwani: panda upi, wapi

Mwaka jana mzee alikata mkungu wetu hapa Tanga. Mizizi ilikuwa imeziba bomba la choo. Bibi akapoteza kivuli chake cha mchana. Kosa si la mti, ni letu tuliopanda mita mbili tu kutoka kwenye shimo. Kwa hiyo kabla hujapanda, cheki hii:

MKUNGU: Kivuli kipana, unavumilia upepo wa chumvi. Unapukutisha majani sana na unataka nafasi.

MWEMBE: Kivuli mwaka mzima na embe juu. Uweke kama mita 8 toka nyumbani.

MWAROBAINI: Ukame hauusumbui, jua la Januari utalisahau. Usiubananishe na ukuta, mizizi yake inakwenda mbali.

MNAZI: Mizizi ni myembamba, haipasui msingi. Ila nazi ikidondokea kichwa cha mtu ni msiba, usiupande njiani wala karibu na bati.

MWASHOKI: Unakwenda juu tu, mzuri kwenye uzio. Kivuli usitegemee.

UWANJA MDOGO: Mdimu, mpera au mstafeli. Haikui sana na inazaa.

Panda masika yanapoanza, mwezi wa 3, mvua ikusaidie kumwagilia.

Sisi tumepanda mstafeli, mbali na bomba. Umefika kiunoni. Bibi bado anahamisha mkeka kufuata kivuli cha ukuta. Mti si kitanda jamani, ukikosea huwezi kuusogeza.

Naomba kuwasilisha.