Uhuru Park, Uwanja wa Wananchi

Rais Jomo Kenyatta aliifungua Uhuru Park mwaka 1969, kando ya katikati ya jiji la Nairobi. Familia zilikuja kupanda mashua ziwani na kupumzika kwenye nyasi.

Mwaka 1989 bustani hiyo ilikuwa hatarini. Serikali ya Rais Moi ilitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60, pamoja na sanamu yake kubwa. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua kupinga mradi huo, kwa maofisa wa nchini na wa ng'ambo. Wabunge walimkejeli bungeni, lakini hakurudi nyuma. Wafadhili wakajitoa, mradi ukafa.

Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipiga kambi kwenye kona ya bustani, wakagoma kula wakidai wana wao waachiliwe. Polisi walipowavamia kwa virungu na mabomu ya machozi, baadhi yao walivua nguo: laana nzito ya mzazi. Kona hiyo inajulikana kama Freedom Corner.

Katika bustani hiyohiyo Mwai Kibaki aliapishwa kuwa rais tarehe 30 Desemba 2002, na katiba mpya ikazinduliwa tarehe 27 Agosti 2010.