Chuma Ubongoni: Historia ya Kipimo na Tafsiri Yake katika Ugonjwa wa Parkinson

Ugonjwa wa Parkinson ulitambuliwa kwa dalili kabla ya kuwapo kipimo chochote. Mwaka 1817, James Parkinson, daktari wa London, alieleza mtetemeko na mwendo wa wagonjwa sita bila kuchunguza ubongo wao. Mwaka 1919, Konstantin Tretiakoff alionesha mjini Paris kuwa wagonjwa hao hupoteza seli za eneo jeusi la ubongo wa kati, liitwalo sabstansia nigra. Miaka mitano baadaye, Lhermitte na wenzake waliripoti mrundikano usio wa kawaida wa chuma katika ubongo wa mgonjwa mwenye dalili hizo.

Kwa miongo kadhaa, chuma hicho kilipimwa baada ya kifo tu. Mwaka 1958, watafiti wa Uswidi, Hallgren na Sourander, walibainisha kuwa kiasi chake hutegemea umri na sehemu ya ubongo. Kwa hiyo kuwapo kwa chuma pekee si ushahidi wa maradhi. Kuanzia miaka ya 1980, mashine za MRI ziliwezesha kukichunguza kwa mtu aliye hai, kwa kuwa chuma huathiri uga wa sumaku na hivyo kubadili picha. Baadaye, mbinu za kihisabati ziliwezesha kukadiria kiasi chake.

Hata hivyo, swali la msingi lilibaki: je, chuma hicho ni chanzo cha ugonjwa au ni tokeo lake? Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Ulaya, FAIRPARK-II, lililohusisha wagonjwa 372 ambao hawajaanza tiba ya levodopa. Dawa ya deferiproni ilipunguza chuma kwa mujibu wa picha za MRI, lakini baada ya wiki 36 dalili za walioitumia zilikuwa zimezidi kuliko za waliopewa dawa bandia. Ikumbukwe kuwa ubongo huhitaji chuma ili kutengeneza dopamini, kemikali ileile inayopungua katika ugonjwa huu.

Historia hii ina funzo kwa wapangaji wa sera za afya. Utafiti uliofanyika katika Wilaya ya Hai, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2008, ulibaini kuwa wagonjwa wengi hawakuwa wamewahi kutambuliwa. Walitambuliwa kwa uchunguzi wa dalili. Picha ya chuma ina nafasi yake katika utafiti, lakini haijachukua nafasi ya mhudumu wa afya anayezijua dalili.