Hesabu ya Dürer

Mwaka 1498, Albrecht Dürer wa Nuremberg, Ujerumani, alitoa kwa gharama yake picha za Ufunuo wa Yohana, zilizochongwa kwenye vibao na kupigwa chapa. Mama yake na mkewe Agnes waliuza chapa zake sokoni.

Kisha Jakob Heller, tajiri wa Frankfurt, alimwagiza mchoro wa madhabahu, kazi ya taabu na malipo ya mara moja. Mwaka 1509 Dürer alimwandikia kwamba lau angalishikamana na chapa, angalikuwa na florini 1000 zaidi.

Haba na haba hujaza kibaba: kibao kimoja huzaa nakala nyingi, na msanii anayenunuliwa na wengi hampigii magoti mmoja. Waigaji hawakukosekana, vitabu vyake vya 1511 vilibeba onyo kwao.

Mchoro wa Heller uliteketea Munich mwaka 1729. Chapa zingalipo.