Baiskeli kuukuu ya alumini: Rangi isimhadae mnunuzi

KWA Mkenya anayetamani kuendesha baiskeli ya mbio lakini hamudu bei ya mpya, baiskeli ya alumini iliyotumika ndiyo njia ya mkato. Hata hivyo, njia hiyo ina mashimo, na asiyetahadhari huishia kulipa mara mbili.

Alumini si kitu cha kudharauliwa. Mwaka 1998, Marco Pantani wa Italia alishinda mashindano ya Tour de France akiendesha baiskeli ya Bianchi yenye fremu ya alumini. Miaka iliyofuata, mabingwa walihamia kaboni, na alumini ikabaki kuwa chaguo la mwendeshaji wa kawaida.

Uzito wa alumini ni takriban thuluthi moja ya uzito wa chuma cha ujazo ule ule. Ndiyo maana baiskeli hizi ni nyepesi mno zikilinganishwa na zile za chuma zijulikanazo kama Black Mamba. Lakini wepesi huo una masharti yake. Chuma huweza kuhimili mitikisiko midogo kwa miaka na mikaka bila kudhurika, ilhali alumini huchoka kidogo kidogo kwa kila mtikisiko. Hatimaye hupata ufa, na ufa huo waweza kukatika ghafla.

Mtu anayeteremka kwa kasi kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu hana nafasi ya kujuta fremu ikikatika.

Ukaguzi wa fremu

Kwa sababu hiyo, fremu hukaguliwa kabla ya bei kutajwa. Mnunuzi aombe baiskeli ipanguswe vumbi na mafuta, kisha aimulike kwa tochi akianzia mahali mabomba yalipounganishwa: shingoni chini ya usukani, kwenye ekseli ya pedeli, mahali nguzo ya kiti inapoingia, na nyuma gurudumu linapofungwa. Mstari mwembamba unaonasa ukucha wapaswa kushukiwa kuwa ni ufa. Rangi iliyojikunja chini ya bomba, karibu na shingo, ni dalili kwamba baiskeli iliwahi kugonga kitu kwa mbele.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa fremu ya alumini hauzibiki kando ya barabara. Moto wa kuchomelea hudhoofisha alumini pambizoni mwa kiungo, na nguvu hiyo hairudi ila kwa utaratibu maalumu wa kiwandani. Fremu yenye ufa ni ya kuachwa, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Jaribio jingine ni kumtaka muuzaji apandishe na kushusha kiti. Unyevu na chumvi hufanya nguzo ya kiti ishikamane na fremu, na tatizo hili huzidi katika miji ya Pwani kama Mombasa na Malindi. Nguzo isiyosogea yaweza kumgharimu mnunuzi fremu nzima.

Kimo nacho kizingatiwe. Fremu iliyomzidi mtu hairekebishwi kwa kushusha kiti, na maumivu ya mgongo hayatamwacha. Aidha, mnunuzi anakili nambari iliyochongwa chini ya ekseli ya pedeli na kudai risiti, asije akajikuta na mali ya wizi.

Maboresho kwa utaratibu

Baada ya kununua, wengi hukimbilia vipuri vya kung'aa. Utaratibu wa busara huanza na vile vinavyolinda uhai: tairi, mipira ya breki na waya zake. Rimu zichunguzwe pia, kwani breki huzila polepole. Rimu iliyobonyea ndani pale breki inapogusa imekwisha kazi yake.

Mnyororo ndio unaofuata. Pingili 24 za mnyororo mpya, yaani pini ya kwanza hadi ya 25, zina urefu wa milimita 304.8. Zikifikia takriban milimita 307, mnyororo ubadilishwe mara moja, la sivyo utatafuna meno ya gia ambayo ni ghali zaidi. Mnyororo mpya lazima ulingane na idadi ya gia za nyuma: ule wa gia 8 ni mpana mno kwa gia 10.

Kisha ndipo raha ifikiriwe. Fremu nyingi za alumini ni ngumu na hupitisha mtetemo wa barabara. Dawa rahisi ni tairi pana kidogo. Tairi za milimita 23 zikibadilishwa kwa za 25 au 28, mradi fremu na breki zina nafasi, huwekwa upepo mchache na kulainisha safari. Kwa wakazi wa maeneo ya milima, gia kubwa ya nyuma yenye meno 28 hupunguza kazi ya magoti.

Gharama hizi zote zijumlishwe kabla ya kupatana bei, bali si baada ya kulipa. Ikiwa bei ya baiskeli pamoja na tairi, breki na mnyororo inakaribia ile ya mpya, mnunuzi hana haja ya kuichukua. Rangi na vipuri hubadilishwa, lakini fremu ndiyo baiskeli yenyewe.