Kibaba Kimoja, Miili Miwili

Historia tuliyofundishwa vyuoni, nasi tukaenda kuifundisha, ilikuwa ya watawala, vita na mikataba. Chakula kilitajwa pale tu mvua ilipokosekana na njaa ikaingia. Lakini mtu anayetaka kuielewa Buha, nchi hii ya milima ya Kasulu na Kibondo ambamo Busunzu yetu imo, hana budi kuuliza nani alikula nini, kwa kipimo gani, na kipimo hicho kilipangwa kwa kuufikiria mwili wa nani. Swali hilo laonekana dogo. Hata hivyo katika nyumba nyingi za leo limekuwa chanzo cha ugomvi kati ya mume na mke, kama nitakavyoeleza.

Katika enzi ya Mwingereza nchi yetu ilifanywa kuwa chimbuko la vibarua. Serikali ilidai kodi, na fedha ya kodi ilikuwa mbali. Wanaume wa Buha wakapanda treni ya Reli ya Kati kwenda kukata mkonge Morogoro na Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, nayo ikajulikana kwa jina la SILABU. Aliyeandikishwa alipewa namba, na ndiyo maana wazee wetu wakaitwa manamba. Pamoja na mshahara alipewa posho iliyopimwa: unga, maharage, chumvi. Mwajiri alijua kwamba mkono usiolishwa haukati mkonge.

Je, mke aliyebaki nyumbani alipimiwa nini? Hakupimiwa kitu. Alilima, akachota maji, akabeba kuni, akatwanga, akabeba mimba na kunyonyesha. Kazi hiyo haikuandikwa katika kipande chochote, na chakula kilichoiendesha hakikuhesabiwa na mtu.

Wala tusidhani kwamba upofu huo ulikuwa wa wenye mashamba peke yao. Wataalamu wa lishe nao walipotaka kujua njaa inaufanya nini mwili, walitazama wanaume. Ilikuwa mwaka huohuo wa 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, ambapo Ancel Keys aliwachukua vijana 36 waliojitolea, wote wanaume, akawapunguzia chakula kwa muda wa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Aidha ilionekana kwamba mwili unaponyimwa chakula hupunguza matumizi yake, kama mama mwenye nyumba apunguzavyo kuni akiona mzigo unakwisha. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1950 na ukawa msingi wa mengi tunayoyajua kuhusu kukonda. Ila msingi huo ulijengwa bila mwanamke hata mmoja.

Na tofauti ilikwisha kujulikana. Mwaka 1919 Wamarekani wawili, Harris na Benedict, walipima joto linalotumiwa na mwili uliopumzika, kwa wanaume 136 na wanawake 103. Walilazimika kuandika kanuni mbili za hesabu, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake.

Sababu yake ni nini? Mwili huchoma chakula kama jiko lichomavyo kuni, na sehemu zinazochoma zaidi ni viungo vya ndani na misuli. Mafuta ya mwilini huchoma kidogo. Mwanamume kwa kawaida ana umbo kubwa na misuli mingi, na mwanamke ana mafuta mengi zaidi hata wakiwa na kilo sawa. Hapa Tanzania wako Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao matumizi yao yalipimwa na kutangazwa mwaka 2012. Wanaume walitumia takriban kalori 2,600 kwa siku, wanawake takriban 1,900. Kisha mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, wakiwemo watoto wachanga na wazee wa miaka 95. Ilionekana kwamba ukishahesabu ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli na mafuta, tofauti ya mume na mke hutoweka. Maana yake ni kwamba moto wa mwanamke si mzembe. Jiko lake ni dogo zaidi, basi.

Jambo la pili ni akiba. Mwanamume huweka mafuta tumboni zaidi, na akiba hiyo ni nyepesi kuondoka. Mwanamke, kabla ya kukoma hedhi, huyaweka zaidi mapajani na nyongani, na mwili huyalinda kwa ajili ya uzazi. Kunyonyesha peke yake kunadai takriban kalori 500 kila siku. Watafiti wa Kiingereza waliofanya kazi kijijini Keneba, nchini Gambia, waligundua kwamba wajawazito wenye chakula haba hupunguza matumizi ya miili yao ili mtoto apate sehemu yake. Nikisoma habari hizo huwakumbuka wanawake wa Buha wa wakati wa manamba. Huenda wengi wetu tulizaliwa kwa sababu miili ya mama zetu ilijua kubana matumizi.

Kipimo kilirudi tena kwetu katika miaka ya 1990. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa Burundi mwezi Oktoba 1993, wakimbizi walimiminika Kibondo na Kasulu, na majina ya Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Nyarugusu yakajulikana duniani. Kipimo cha mgawo wa wakimbizi kilikuja kuwa kalori 2,100 kwa kila kichwa kwa siku. Ni wastani wa watu wote pamoja, mtoto, mzee, mume na mke. Wastani unafaa kujaza ghala, lakini ndani ya nyumba hauli mtu wastani. Anayeshika mwiko ndiye anayeamua, na mara nyingi mwenye kushika mwiko hujipakulia mwisho. Mgawo ulipopunguzwa mwaka 2017, hesabu hiyo ilizidi kuwa ngumu.

Leo tatizo limegeuka upande wa pili. Takwimu za taifa zinaonyesha kwamba wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05, wakafika asilimia 28 mwaka 2015/16, na asilimia 36 mwaka 2022. Kinu kimeachiwa mashine, miguu imeachiwa pikipiki, na mafuta ya kupikia na soda vimefika hata vijijini.

Mume na mke huenda zahanati, wote wawili wakaambiwa wapunguze uzito kwa ajili ya shinikizo la damu. Wanakula sahani sawa. Baada ya miezi miwili suruali ya baba inalegea, kitenge cha mama kiko vilevile. Ndipo maneno yanapoanza: "Mama watoto, wewe unaonja sana chunguni." Naye anajibu, "Baba, si sahani yangu unaiona?" Mke anaonekana mwongo mbele ya watoto wake.

Tufanye hesabu ya darasa la tano. Tuseme mume anatumia kalori 2,600, mke 1,900, na kila mmoja anakula 1,900. Mume amepungukiwa 700 kwa siku, sawa na 4,900 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo mwanzoni atapunguza zaidi ya nusu kilo kwa wiki. Mke amepungukiwa sifuri. Hajaiba chochote. Utafiti mmoja mkubwa uliotangazwa mwaka 2018, wa watu zaidi ya 2,000 waliokula chakula kidogo sana kwa wiki nane, ulithibitisha kwamba wanaume walipungua kuliko wanawake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Kila mtu apime chakula kwa mwili wake, na ajilinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, si na mwenzake wa kitandani. Ugali upungue, maharage na mboga za majani visipungue, kwani protini husaidia kuilinda misuli, na misuli ndiyo jiko. Kwenda shambani kwa miguu na kubeba mzigo wa kiasi huitunza pia. Mjamzito na anayenyonyesha wasijikondeshe. Na mwanamume ambaye mkanda wake umerudi tundu mbili ashukuru, ila asimhukumu mkewe kwa kibaba ambacho tangu zamani kilipimwa kwa ajili ya mwanamume.