Mutoto wa mbele ya siku zake na kazi ya kunyonya

Siye watu wa Annexe tunazoea kusema kama kunyonya hakufundishwi. Kwa mutoto aliyetimiza siku zake ni kweli. Lakini anayezaliwa mbele ya majuma 37 anaweza kukosa ufundi wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu. Ufundi huo unakomaa karibu na juma la 34. Mbele ya hapo, maziwa yanaweza kuingia katika njia ya pumzi.

Katika kambi za Union Minière mutoto alikuwa hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilipotaka wafanyakazi wakae na bibi zao, munganga Léopold Mottoulle na wenzake walisimamia uzazi, chakula na mizani ya batoto. Tuseme wazi: walimutafuta mfanyakazi wa kesho. Hata hivyo bamama walizoea maternite, na Gécamines ikaendesha lupitalo zile kisha uhuru. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa hiari (hiari gani, na mishahara ya miezi mingi haijalipwa?), na jamaa zao zikapoteza matunzo ya kampuni. Kwa mama wa Kalebuka, maternite ikawa safari na franga. Na kuveze bila umeme ni sanduku tu.

Dawa ya ukosefu huo ilitoka kwa watu waliokosa kuveze kama siye. Huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, munganga Edgar Rey alianza kumuweka mutoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianzwe mara tu kisha kuzaliwa, saa 8 mpaka 24 kwa siku. Kikwembe ni kile kile cha mgongoni. Kimegeuka tu mbele.

Hapo kifuani mutoto anasikia harufu ya maziwa, kinywa kinaamka. Mama anakamua kwanza, kisha anamupa ziwa lililo karibu tupu, ajizoeze bila kupaliwa. Maziwa yaliyokamuliwa yanapita katika mpira mwembamba mpaka tumboni. Akianza kumeza, ni kikombe kidogo: anakalishwa wima, ukingo unagusa mdomo wa chini, analamba mwenyewe. Kumumiminia, hapana! Bankambo wenye haraka ya kijiko wasikie hapo.

Mama akichoka, baba pia anaweza kumubeba kifuani. Joto analo, maziwa tu ndiyo hana.