Sheria za ajira katika Taita Taveta

Sheria za ajira zinazotumika katika Kaunti ya Taita Taveta, eneo la Pwani nchini Kenya, ni zile za taifa zima. Msingi wake ni ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 na Sheria ya Ajira ya 2007. Waajiri wa kaunti hiyo ni pamoja na mashamba ya mkonge ya Mwatate na Voi, hoteli za Tsavo na migodi ya vito.

Malipo sawa. Kenya iliridhia Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 2001. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira humtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Hivyo mwanamke anayeanika singa (nyuzi za mkonge) anaweza kulinganisha ujira wake na wa mwanamume anayekata majani ya mkonge, ingawa kazi zenyewe hazifanani. Akidai kubaguliwa, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kuwa hakubagua.

Masharti ya kutoshindana. Sura ya 24 ya sheria za Kenya huiruhusu mahakama kubatilisha sharti lisilo la haki linalomzuia mfanyakazi kushindana na mwajiri wake baada ya kuacha kazi. Hupimwa aina ya kazi, muda na eneo: kumzuia dereva wa watalii wa Voi asifanye kazi hiyo popote nchini ni vigumu kutetea.

Mahakama. Tangu 2018, mahakimu wakuu wakaazi na walio juu yao husikiliza madai ya wenye mshahara usiozidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Mengine huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.